Kuotesha Dianthasi ya Kutambaa Dodoma kwa Mkono wa Birika

Mwongozo huu unahusu dianthasi ya kutambaa, ua dogo la porini kutoka Ulaya na magharibi mwa Asia ambalo wataalamu wa mimea huliita Dianthus deltoides. Nimeuandika kwa ajili ya mtu anayeishi Dodoma au mahali pengine pa kanda ya kati, mwenye uwanja wa udongo mwekundu wa kichanga, jua la kutwa na maji ya kuhesabu ndoo. Maelezo mengi yaliyo nyuma ya pakiti za mbegu yaliandikwa kwa ajili ya nchi zenye theluji, na mtu akiyafuata neno kwa neno hapa kwetu atasia mwezi usiofaa na kumwagilia kupita kiasi, kisha baada ya wiki sita atabaki na trei ya vijiti vilivyooza. Mimi nilipoteza trei mbili kwa njia hiyo kabla sijatambua kwamba ukame wa Dodoma hauna ugomvi na ua hili. Linachochukia ni maji yanayotuama shingoni mwa shina, hasa katika siku za joto.

Ni vyema kuujua mmea wenyewe kwanza, kwa kuwa kila hatua inayofuata inatokana na maumbile yake.

Dianthasi ya kutambaa ni ya jamii ya karnesheni, yaani Caryophyllaceae. Karnesheni yenyewe, Dianthus caryophyllus, ndiyo ile yenye bua refu ambayo hukatwa na kufungwa katika mashada ya harusi na ya misiba. Neno caryophyllus lina uhusiano na Pemba kuliko mtu anavyodhani, kwa sababu ni jina la kale la karafuu katika elimu ya mimea ya Ulaya, na karnesheni ililipata kwa kuwa ua lake hunukia karafuu. Ndugu yake huyu mdogo hakurithi harufu hiyo. Ukilinusa ua lake utapata manukato hafifu mno au usipate kitu, kwa hiyo anayepanda maua kwa ajili ya manukato tu heri atafute asumini. Jina Dianthus deltoides lilitolewa mwaka 1753 na Carl Linnaeus wa Sweden. Sehemu ya kwanza ni ya Kigiriki na maana yake ni ua la Zeu, mungu mkuu wa Wagiriki wa kale, na sehemu ya pili inatokana na herufi delta, yenye umbo la pembetatu, kwa ajili ya alama ya rangi nzito iliyomo katika petali.

Mmea wenyewe hutandaa ardhini kama mkeka wa kijani kilichoiva, wenye kimo cha sentimita 10 hivi, na mabua ya maua huinuka juu yake hadi sentimita 15 au 30. Majani ni membamba na huota mawili mawili yakitazamana, na mahali yanapoungana na bua pamevimba kama kifundo cha kidole. Kifundo hicho ukikumbuke, maana tutakihitaji wakati wa kuzalisha miche kwa vipandikizi. Ua lina petali tano zenye meno madogo ukingoni kama msumeno, upana wake ni sentimita moja na nusu hadi mbili, na rangi yake ya porini ni waridi iliyokolea yenye madoadoa meupe na duara jeusi kidogo katikati, ingawa zipo aina zilizochaguliwa zenye maua mekundu sana au meupe.

Kwao, mmea huu huota katika nyasi fupi za mahali pakavu, kwenye miteremko ya kichanga na changarawe. Hiyo ndiyo sababu ya kuvumilia ukame. Lakini pia huko kwao hupitia majira ya baridi kali, kisha huchanua katikati ya mwaka wakati mchana una saa 16 na zaidi. Dodoma mchana haupungui sana wala hauzidi sana saa 12 mwaka mzima, na ubaridi tunaoupata ni ule wa usiku wa Juni na Julai, ambao unatokana zaidi na mji kuwa kwenye mwinuko wa takribani mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo usitarajie zulia la maua lililofunika kila jani, kama picha ya pakiti inavyoonyesha. Tarajia mkeka mzuri wa kijani wenye maua yanayojitokeza kwa zamu, wiki hii kumi, wiki ijayo ishirini, na baadhi ya miche ambayo haitachanua hadi mwaka wa pili. Mwenye haraka apande jamaa yake wa Asia ya mashariki, Dianthus chinensis, ambaye huchanua miezi mitatu hadi minne baada ya kusiwa na huvumilia joto zaidi. Karibu kila hatua ya mwongozo huu inamfaa naye.

Kupata mbegu

Nunua pakiti iliyoandikwa jina kamili la Dianthus deltoides, yenye tarehe ya mwisho wa matumizi, na ikiwezekana uchague aina ambayo maelezo yake yanasema huchanua mwaka wa kwanza tangu kusiwa, kwa sababu niliyoieleza ya ubaridi wetu mdogo. Pakiti zilizoandikwa dianthasi tu, bila jina la pili, mara nyingi huwa na mchanganyiko wa aina ndefu. Ukiwa na ndugu nje ya nchi anayetaka kukuletea mbegu ndani ya begi, mwambie asubiri: uingizaji wa mbegu na miche unahitaji kibali cha afya ya mimea, na mamlaka inayosimamia jambo hilo nchini ni TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania.

Kuchagua mwezi

Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na mkulima wa mtama au uwele husia mvua zinapoanza. Kwa dianthasi fanya kinyume chake. Sia mwezi Machi, ndani ya kibaraza ambako mvua haifiki, ili miche iwe tayari kuhamishwa mwanzoni mwa Mei mvua zikiwa zimekatika. Hapo mmea utapata miezi minne ya ukavu na ubaridi wa kujijenga kabla ya joto la Oktoba na Novemba, na usiku wa Juni utaukuta ukiwa na umbo la kutosha kuhisi baridi na kuanza kufikiria maua. Anayesia Desemba kwa sababu majirani wote wako shambani atakuwa anaipeleka miche michanga kwenye mvua yenye joto, nayo haitatoka salama.

Kuandaa trei na kusia

Chukua sehemu mbili za mchanga wa korongoni, sehemu moja ya udongo mwekundu uliochekechwa na sehemu moja ya samadi ya ng'ombe au ya mbuzi iliyooza hadi ikapoteza harufu. Mchanga usiutumie kabla ya kuupima: tia konzi mbili ndani ya chupa ya maji, tikisa, kisha uiache kwa dakika tano. Maji yakibaki na rangi ya chai ya maziwa, mchanga huo una tope jingi, nao hauna budi kuoshwa mara mbili au tatu, la sivyo utashikamana kama saruji na kunywesha mizizi maji isiyoyahitaji. Changanya, jaza chombo chenye matundu chini (nusu ya dumu iliyotobolewa inatosha), halafu mwagia maji yaliyochemka juu ya udongo wote na uuache upoe hadi kesho yake. Kazi hiyo ya maji ya moto si mbwembwe, kwani hupunguza vimelea vya kinyausi, ugonjwa unaokata miche michanga usawa wa udongo na kuilaza kwa usiku mmoja.

Mbegu ni nyeusi, bapa, na ndogo kuliko punje ya uwele. Zichanganye na kijiko cha mchanga mkavu ili zisianguke mahali pamoja, zitawanye juu ya udongo, kisha uzifunike kwa utando mwembamba wa mchanga usiozidi milimita tatu. Usimwagie maji kwa juu. Weka chombo ndani ya beseni lenye maji ya kina cha vidole viwili, usubiri hadi uso wa udongo uanze kung'aa, kisha ukitoe kichuruzike. Kifunike kwa nailoni nyeupe inayopitisha mwanga na ukiweke kivulini mahali pa baridi kuliko pote nyumbani, kwa kuwa mbegu hizi huota vizuri zaidi katika nyuzi joto 15 hadi 21, na mchana wa Machi huvuka kiwango hicho kwa urahisi. Sakafu ya saruji upande wa kusini wa nyumba, panapopita hewa, imenifaa kuliko dirisha.

Miche huchomoza kati ya siku ya saba na ya ishirini na moja. Siku utakayoona ya kwanza, ondoa nailoni yote, hata kama nusu ya mbegu bado zimelala, kisha uhamishie chombo kwenye mwanga mwingi usio wa jua kali la adhuhuri. Kuanzia hapo kila mara uache uso wa udongo ukauke kabla ya kurudisha chombo kwenye beseni. Miche ikiwa na jozi mbili za majani halisi, ihamishie kwenye viriba vidogo, mche mmoja kila kiriba, ukiishika kwa jani na si kwa bua.

Kuandaa mahali pa kudumu

Hapa ndipo kazi nyingi hushinda au kushindwa, na ndipo ninaposhauri msomaji asiwe na haraka. Chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, na yakishanywewa ulijaze tena. Maji ya mara ya pili yakiisha ndani ya saa moja, mahali hapo panafaa. Yakikaa zaidi ya saa tatu, tafuta pengine au ujenge tuta. Udongo wa kichanga mwekundu, kama ule unaokubali mizabibu, kwa kawaida hufaulu. Udongo mweusi wa mbuga, unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, haufai hata uongezwe mchanga kiasi gani, maana mchanga kidogo ndani ya mfinyanzi hutoa kitu kinachokaribia tofali.

Mwenye udongo wa mbuga atengeneze tuta lililoinuka sentimita 25, alizungushie mawe, chini aweke kokoto au kifusi cha matofali, na juu ajaze mchanganyiko ule ule wa trei akipunguza samadi hadi nusu. Mawe si pambo tu. Mmea huu hupenda kupenyeza mizizi yake chini ya jiwe, ambako kuna ubaridi na unyevu kidogo, huku majani yakikaa juu penye ukavu, na mji wetu uliojaa majabali haukosi mawe. Ukingo wa njia ya kuingilia nyumbani, nyufa za ngazi za mawe na kichwa cha ukuta mfupi wa kuzuia mmomonyoko ni mahali pazuri sana. Jua liwe la saa sita kwa siku au zaidi, ila kama unaweza kupata kivuli cha alasiri kwa miezi ya Oktoba na Novemba, kichukue.

Jambo moja la mwisho kuhusu mahali: mbuzi. Mimea ya jamii hii ina saponini, kemikali zinazotoa povu, na jamaa yake mmoja, Saponaria officinalis, aliwahi kutumika kufulia nguo huko Ulaya. Hilo halimzuii mbuzi wa Dodoma kuonja. Zungushia wigo kabla ya kupanda, kwa faida ya mmea na ya tumbo la mbuzi.

Kuhamisha

Wiki moja kabla ya kuhamisha, izoeze miche jua kwa kuongeza saa moja ya jua kila siku. Hamisha jioni, kwa nafasi ya sentimita 20 hadi 25 kati ya mche na mche. Shingo ya mmea, yaani pale mzizi unapokutana na bua, iwe usawa wa udongo au juu yake kidogo sana, ikizikwa, itaoza. Kisha zungushia kila mche kola ya changarawe ndogo yenye unene wa sentimita mbili, ukiisogeza hadi chini ya majani. Usitandaze nyasi kavu kama tunavyofanya kwenye nyanya. Nyasi hushikilia unyevu shingoni, na zaidi ya hayo huwaalika mchwa, ambao wakimaliza nyasi hawaulizi njia ya kwenda kwenye mabua.

Kumwagilia

Mtu mchoyo huambiwa ana mkono wa birika, na mtunza dianthasi anapaswa kuupokea msemo huo kama sifa. Kwa wiki mbili za kwanza mwagilia kila baada ya siku mbili ili mizizi ishike. Baada ya hapo, katika miezi ya ubaridi, mara moja kwa wiki inatosha kwa mimea iliyo ardhini, na mara mbili kwa iliyo kwenye vyungu. Kipimo ni kidole: kitumbukize hadi kifundo cha pili, na ukihisi ubichi wowote, ondoka na maji yako. Oktoba na Novemba, upepo mkavu unapovuma kutwa, unaweza kuongeza mara moja kwa wiki, lakini mwagilia asubuhi na mapema, kamwe usimwagilie jioni, kwa sababu maji ya jioni hulala na mmea usiku kucha.

Chombo ninachokitumia ni birika kuukuu la chai. Mdomo wake mwembamba hupeleka maji moja kwa moja kwenye udongo kati ya mche na mche bila kulowesha mkeka wa majani, jambo ambalo kopo la kumwagilia lenye matundu kama ya bomba la mvua haliwezi. Bibi mmoja wa jirani alinikuta nikipita na birika hilo akaniuliza, "Mjukuu wangu, hayo maua umeyakaribisha chai?" Nilimweleza, akatikisa kichwa, na mwezi uliofuata alinitumia mtoto kuja kuomba mche.

Maji ya visima vingi vya kanda hii huacha ukoko mweupe ndani ya sufuria. Chokaa hiyo haina tatizo, kwani dianthasi hustawi katika udongo usio na tindikali na wenye chokaa kiasi. Chumvi ndiyo ya kuangalia. Ukiona ncha za majani zimekauka rangi ya kahawia na uso wa udongo una unga mweupe, mwagilia mara moja kwa maji mengi yasiyo na chumvi, kama ya mvua uliyoyahifadhi, ili yaisukume chumvi chini ya mizizi, kisha uache tuta likauke vizuri.

Mbolea na kupunguza

Kuhusu mbolea sina mengi. Samadi kidogo iliyooza mara moja kwa mwaka, mwezi Mei, inatosha. Mbolea za kukuzia, kama urea, huupa mmea majani marefu, laini na yanayolala, na maua machache.

Maua ya mkupuo yakinyauka, shika mkasi mkali na upunguze mkeka mzima hadi nusu ya kimo chake, bila kukata hadi kwenye sehemu ngumu isiyo na majani. Mmea hutoa machipukizi mapya na mara nyingi huchanua tena. Acha mabua machache kwa ajili ya mbegu: kila ua huacha kibumba chembamba kinachofunguka juu kwa meno manne, na ukikigeuza juu ya karatasi mbegu humwagika kama chumvi. Kiangazi chetu hurahisisha kazi hii, kwani vibumba hukauka bila kuota ukungu.

Wadudu na magonjwa

Adui mkubwa wa kiangazi ni utitiri mwekundu, ambaye hustawi katika joto na vumbi. Dalili zake ni majani yaliyojaa vitone vyeupe na utando mwembamba kati ya mabua. Nyunyiza maji kwa nguvu chini ya majani saa moja au mbili asubuhi, ili ifikapo saa nne yawe yamekauka, na urudie kila baada ya siku tatu. Wakizidi, tumia maji yenye sabuni kidogo ya mche. Sota, yaani viwavi wanaojificha udongoni, hukata miche mipya usiku, na dawa yao rahisi ni kufukua udongo ulio karibu na mche uliokatwa na kuwatoa kwa mkono. Mmea mzima ukinyauka ilhali udongo una unyevu, usiuongezee maji. Ung'oe, utazame shingo, na ukiikuta imekuwa ya kahawia na inateleza, utupe mbali na tuta, na usipande dianthasi nyingine kwenye shimo hilo.

Kuvuka msimu wa mvua

Huu ndio mtihani wenyewe. Kuanzia Desemba, mvua nzito na joto la usiku huja pamoja, na matope yanayoruka kutoka ardhini hupaka mkeka. Ongeza changarawe chini ya majani mwishoni mwa Novemba, fungua mifereji ya kutoa maji pembeni mwa tuta, na ondoa kwa vidole kila bua lililokufa ndani ya mkeka ili hewa ipite. Hata hivyo baadhi ya mimea itakufa, na kwa sababu hiyo mimi huweka akiba kila mwaka.

Akiba hutayarishwa mwezi Julai au Agosti. Chagua vichipukizi visivyo na ua vyenye urefu wa sentimita tano hadi saba, shikilia bua kwa mkono mmoja na uvute ncha kwa mkono wa pili. Kitachomoka penye kile kifundo tulichokitaja. Ondoa majani ya chini, kitumbukize katika mchanga uliooshwa wenye unyevunyevu, weka kivulini, na baada ya wiki tatu au nne utakiona kimeanza kutoa majani mapya, ishara kwamba kimeshika mizizi. Asiyependa kazi hiyo alaze bua refu juu ya udongo, aligandamize kwa jiwe dogo, kisha alikate likishashika.

Panda vipandikizi hivyo kwenye vyungu vyenye mchanga mwingi na uvihifadhi kibarazani msimu wote wa mvua, ukivipa nusu birika kwa wiki. Mkeka wa zamani nao hutoboka katikati baada ya miaka miwili au mitatu, ukabaki kama kichwa chenye upara, na hakuna kupogoa kunakoweza kuurudisha. Mvua zikikatika, ng'oa sehemu iliyokufa, tifua, ongeza mchanga, na uweke hapo vyungu vyako vya kibarazani.